Siku Mama Mkwe Aliposifu Maji

Jumatatu, 4 Machi. Tope la mtoni: 18.

Leo nimeanza kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Nimenunua daftari hili kwa sababu daftari la zamu kule kazini haliruhusiwi kuandikwa kitu ila tarakimu. "Humu hatusimulii hadithi, binti," ameniambia msimamizi wangu. Basi tarakimu zitabaki kule, maneno nitayaleta hapa. Kila siku nitaanza na kipimo cha tope la maji ghafi, yaani maji kama yalivyotoka mtoni kabla hatujayagusa, ili siku nikisoma nijue mvua ilikuwa imefika wapi.

Mkataba wangu ni wa majaribio, miezi mitatu, masika yote. Tarehe 31 Mei mhandisi atakuja kutoka makao makuu kunipima. Nikifaulu naajiriwa, na nyumba hii ya kazi tunabaki nayo. Nikishindwa narudi dukani kutoa fotokopi, nasi tunarudi kwenye vile vyumba viwili nyuma ya karakana ya mume wangu, anakotengeneza baiskeli, ambako mama yake alikuwa analala nyuma ya pazia. Hapa mama mkwe ana chumba chake mwenyewe, chenye dirisha. Tangu tuhamie juzi amelifungua na kulifunga mara ishirini, kulijaribu tu.

Msimamizi wangu watu wote wanamwita Mzee Nukta. Leo nimejua kwa nini. Mwisho wa safari ya maji tunapima klorini: unachukua maji kidogo kwenye kichupa, unatia kidonge, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na rangi za kwenye kibao. Mzee aliinua kichupa kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Nukta tano," akasema. "Si nukta nne, si nukta sita. Nukta tano. Ikishuka, wadudu wanashangilia. Ikipanda, wateja wanalia."

Jumanne, 5 Machi. Tope: 17.

Mama mkwe ameonja maji ya bomba kwa mara ya kwanza. Alisimama na glasi katikati ya jikoni, akayazungusha mdomoni, akayameza kama mtu anayemeza tusi.

"Yananuka," akasema.

"Ni klorini, mama. Ndiyo inayoua vijidudu."

"Yananuka kama sakafu ya hospitali. Hao vijidudu hawakufa kwa dawa, wamekufa kwa aibu."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Tangu leo jina langu humu ndani ni Bibi Dawa.

Alhamisi, 7 Machi. Tope: 18.

Nimefagia, nimepima, nimeandika. Maji yamenuka kama shati jipya la dukani (mama mkwe).

Jumamosi, 9 Machi. Tope: 16.

Nusu siku. Nimegombezwa nyumbani kuliko kazini.

Mama mkwe hayanywi maji yakiwa mapya. Anayachota jioni, anayapitisha kwenye kitambaa cheupe, anayamimina kwenye mtungi wake wa udongo na kuyaacha wazi hadi asubuhi, harufu iondoke. Mtungi ni wa zamani kuliko mume wangu. Leo nilikuwa na kiu, nikazamisha kata mpaka chini.

"We! We! We!" Alitoka chumbani kama aliyesikia mwizi. "Mtungi haukorogwi! Chini kuna mashapo ya miaka yote. Unachota juu, polepole, kama unamwibia mtu aliyelala."

"Samahani, mama."

"Mnasomeshwa vitu gani huko kazini?"

Niliona ananionea. Nimeandika hapa ili nisahau. Mambo mengine ukiyaandika ndipo unayasahau kabisa.

Alhamisi, 14 Machi. Tope: 21.

Leo Mzee Nukta amenifundisha jaribio la vikombe, nami nimefurahi kama mtoto. Unapanga vikombe sita vya kioo, vyote vina maji ghafi. Kila kimoja unakitia shabu kidogo kuliko kinachofuata. Unakoroga kwa nguvu dakika moja, shabu ienee. Kisha unakoroga taratibu robo saa. Kisha unaacha, unaangalia.

Mara ya kwanza sikuona kitu. Halafu ndani ya kikombe cha tatu vikatokea vijipunje kama unga, vikashikana, vikawa kama theluji niliyoona kwenye picha, vikaanza kushuka. Juu maji yakabaki meupe. Kikombe cha kwanza kilibaki na ukungu, cha sita nacho kikawa na ukungu wake mwingine.

"Cha kwanza kimenyimwa, cha sita kimevimbiwa," alisema Mzee. "Cha tatu ndicho kimeshiba. Hicho ndicho kipimo cha leo. Kesho mto ukibadilika, tunaanza upya."

Nikamwuliza hatua zote kwa mpangilio. Akakaa juu ya gunia la shabu, akakunja mikono.

"Maji ni kama mgeni aliyetembea na mizigo. Kwanza unamshawishi aitue. Hiyo ni kazi ya shabu, inakusanya uchafu mdogomdogo uwe mabonge. Pili unamkalisha apumzike, mizigo ibaki sakafuni. Hilo ni tangi la kutuamia. Tatu unampitisha mlango mwembamba, aache na vumbi. Hilo ni chujio la mchanga. Mwisho unamkabidhi mlinzi wa kumsindikiza njia nzima mpaka mdomoni mwa mtu. Mlinzi ndiye klorini. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Hujaelewa. Utaelewa mvua ikinyesha."

Jumanne, 19 Machi. Tope: 95.

Imenyesha.

Jumatano, 20 Machi. Tope: 140.

Inanyesha. Maji yananuka kama daftari la mwanafunzi aliyefuta sana.

Jumatano, 27 Machi. Tope: 320.

Mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Shabu inakwisha haraka na kila pipa jipya nalichanganya mimi. Mzee Nukta amenisimamia siku tatu mfululizo, mikono nyuma, akiimba neno moja tu: "Koroga. Koroga. Koroga." Shabu isipokorogwa hulala chini ya pipa, maji yanaenda bila dawa. Nina mwiko mrefu kama kasia, na viganja vyangu vimeota malengelenge.

Nyumbani nikamwonyesha mume wangu. Akayatazama kwa makini, akaleta kopo la grisi ya baiskeli.

"Hiyo ni ya minyororo," nikamwambia.

"Na wewe si umefungwa minyororo na huyo mzee?"

Ninamwona Mzee Nukta kuwa mtu mkavu. Hasifu. Jana nilipima mara nane, zote sawasawa, naye alichosema ni kwamba saba yangu inafanana na moja.

Jumanne, 2 Aprili. Tope: 610.

Siku ya kwanza niliyoogopa.

Asubuhi maji yaliyotoka kwenye chujio yalikuwa na ukungu. Nikaongeza shabu. Ukungu ukazidi. Nikaongeza tena. Mzee alipofika saa nne alinikuta nimeshika gunia la tatu, nusura nilie.

"Umefanya jaribio la vikombe?"

"Nimefanya. Hakuna hata kimoja kilichotulia."

"Vizuri. Basi mto umekwambia kitu. Unadhani unasema nini?"

Sikujua. Akanipa karatasi ya kupima uchachu. Ilibadilika rangi upande wa uchachu kabisa. Mvua ya siku nyingi ilikuwa imeyageuza maji, na shabu yenyewe inaongeza uchachu. Nilivyozidi kutia ndivyo nilivyozidi kuiharibia kazi yake.

"Mtu akikataa kula, usimwongezee sahani," alisema Mzee. "Mwulize anaumwa wapi."

Tukatia chokaa kidogo kwenye kila kikombe, halafu shabu ileile ya jana. Nilipiga magoti mezani, pua inagusa kioo. Dakika kumi hakuna kitu. Dakika ya kumi na mbili, kikombe cha nne, yale mabonge! Nilipiga kelele hadi mlinzi wa lango akaja na rungu.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Mabonge!" nikamwambia.

Akamtazama Mzee Nukta. Mzee akamwambia, "Mwache, ameona mwanga." Na nadhani, siwezi kuapa, alitabasamu.

Alhamisi, 4 Aprili. Tope: 580.

Jambo la ajabu. Jana mama mkwe aliyaonja maji ya jioni, akasema, "Haya siyo yako. Haya ni ya yule mzee."

"Umejuaje, mama?"

"Wewe unaweka kwa woga, dawa inakuja kidogo halafu nyingi. Yeye mkono wake ni mmoja tangu asubuhi mpaka jioni."

Nilicheka. Leo nimetazama daftari la zamu. Zamu zangu: nukta nne, nukta sita, nukta tano, nukta sita. Zamu za Mzee: nukta tano, nukta tano, nukta tano, nukta tano.

Mume wangu hakushangaa. Mama yake alikuwa mpishi wa bweni la wasichana miaka thelathini na moja. "Alikuwa anaonja masufuria manne kabla ya kengele," akasema. "Akisema chumvi imepungua kijiko, ni kijiko."

"Mimi nimekula chumvi nyingi," mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "tena ya watu mia nne."

Alhamisi, 11 Aprili. Tope: 700.

Mvua. Mbu. Malengelenge yamekuwa sugu. Maji yamenuka kama barua ya serikali.

Ijumaa, 12 Aprili. Tope: 720.

Nukta tano siku nzima! Mama mkwe: "Leo ni yule mzee." Kumbe zamu ilikuwa yangu. Nilitoka nje nikacheza peke yangu kwenye kamba za nguo.

Alhamisi, 18 Aprili. Tope: 840.

Lazima niandike yote, kwa mpangilio, kabla sijalala.

Kuna mapipa mawili ya klorini. Moja linatumika, jingine linaandaliwa. Mzee Nukta huchanganya unga wa klorini na maji jioni, asubuhi pipa linakuwa tayari. Kutoka kwenye pipa, dawa inadondoka kwa mrija mwembamba kama ufito wa mwavuli, tone, tone, tone, kwenye tangi la maji safi. Kutoka hapo pampu inayasukuma hadi tangi kubwa la kilimani, ndipo yashuke mjini. Nyumba zetu za kazi ziko kabla ya kilima, zinapata kwanza.

Saa saba na nusu mchana pipa la zamani lilikwisha. Mzee alikuwa anaosha chujio la mchanga, akaniita kwa mbali, "Binti, badilisha pipa!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza peke yangu. Nikafunua jipya. Chini kulikuwa na utando mweupe, mzito, unene wa vidole vitatu. Nikajiambia, tazama, dawa nzuri imelala bure. Neno la mzee likanijia masikioni: koroga, koroga, koroga. Nikachukua mwiko wangu nikakoroga hadi pipa lote likawa kama uji. Nikafungua mrija. Matone yakaanza. Nikasubiri, nikapima saa nane kasoro dakika tano: nukta sita. Nikaandika, nikasaini, nikamuaga Mzee, nikaenda nyumbani nikijiona fundi. Kipimo kinachofuata ni saa kumi.

Nyumbani nikala. Ilikuwa yapata saa tisa na robo mama mkwe alipofungua bomba, akajaza glasi, akaonja kama kawaida yake. Akaonja tena. Uso ukamkunjuka.

"Ee," akasema. "Leo mmejitahidi. Maji matamu haya! Hayana harufu hata kidogo. Kama ya kisima cha nyumbani kwetu."

Mume wangu, aliyekuja kula, akapiga makofi. "Bibi Dawa amefaulu!"

Nami nikacheka, sekunde moja hivi. Halafu kijiko kikaniponyoka.

"Mama, umesema hayana harufu?"

"Hata chembe."

"Hata kidogo sana?"

"Nimekusifu mara moja tangu uje kazi hii, unataka niape?"

Nilimpokonya glasi. Mungu anisamehe, nilimpokonya mama mkwe wangu glasi mkononi. "Msinywe! Asinywe mtu yeyote! Waambieni majirani wasichote!" Nikatoka bila viatu. Mume wangu akanipita kwa baiskeli kwenye lango, akasimama. "Panda!" Nikapanda kwenye kibebeo, mvua usoni, naye anakanyaga kama anakimbizwa na polisi. Nyuma namsikia mama mkwe anapiga sufuria kwa mwiko kama kengele ya bweni: "Msichote! Fungeni mabomba! Msichote!"

Mzee Nukta alikuwa mlangoni mwa chumba cha vipimo. Nilimpita nikachukua kichupa, nikajaza, nikatia kidonge. Nikatikisa. Tukasubiri.

Hakikugeuka. Hakuna waridi, hakuna chochote. Maji meupe tu, yakitutazama.

Mzee alizima pampu. Ule mngurumo ambao nimeuzoea tangu Machi ukakatika, nikasikia mvua. Akaenda kwenye pipa. Mrija ulikuwa umeacha kudondosha. Akauchomoa, akaupuliza. Haukupitisha hewa. Akaukata kwa kisu, ndani umejaa masalia meupe kama dawa ya meno. Akafunua pipa, akaona uji wangu.

"Ulikoroga."

"Ndiyo."

"Klorini."

"Ndiyo, mzee. Uliniambia..."

"Nilikuambia shabu." Akafumba macho. "Shabu inakorogwa. Klorini ikishachanganywa inaachwa itulie. Ile nyeupe ya chini ni chokaa tu, nguvu yote iko kwenye maji ya juu. Unachukua ya juu, hugusi chini."

Nikauona mtungi. Nikaona kata, nikamsikia mama mkwe: kama unamwibia mtu aliyelala.

Tukaanza kazi. Mzee alitengeneza dawa mpya, akaitia kwa mkono kwenye tangi la maji safi, tukahesabu nusu saa, maana klorini nayo inahitaji muda wa kuua. Mume wangu akapanda kilimani kwa baiskeli na kichupa na vidonge, akateremka amelowa, akikiinua juu kama taa. Waridi! Hafifu, lakini waridi. Nukta tatu. Tangi la kilimani lilikuwa bado limejaa maji ya asubuhi, yaliyobeba dawa ya kutosha, nayo ndiyo mji uliyokuwa unakunywa. Maji yasiyo na dawa yalifika nyumba zetu sita tu, na sita zote zilikuwa zimesikia sufuria. Mume wangu akakata kipande kwenye mpira mwembamba wa akiba anaotumia kwenye valvu za baiskeli, nacho kikawa mrija mpya. Tukafungulia bomba moja moja tukamwaga maji yaliyobaki njiani. Saa kumi na moja na nusu pampu ikaunguruma tena.

Nukta tano.

Kisha likabaki daftari la zamu. Mzee aliniwekea mezani, akaandika tarakimu zake kwenye mstari wa saa kumi: sifuri. Akasema bila kunitazama, "Mrija uliziba. Mirija huziba. Tarakimu inatosha."

Nilielewa ananipa mlango wa kutokea. Nikawaza chumba chenye dirisha. Nikawaza pazia. Halafu nikawaza mtu mwingine, mwaka mwingine, anasoma sifuri hiyo, hajui imetoka wapi, naye ameshika mwiko.

Nikaandika chini ya sifuri, kwa wino, maneno ya kwanza kabisa kwenye daftari lile: Nilikoroga pipa la klorini. Mashapo yakaziba mrija. Kosa ni langu.

Mzee Nukta akasoma. Akavaa koti lake la mvua, akatoka.

Ijumaa, 19 Aprili. Tope: 790.

Mzee hajafika saa nne. Hajafika saa tano. Sijawahi kumwona akichelewa. Nilijua ameenda kupiga simu makao makuu.

Saa sita akaingia na kopo la rangi nyekundu na brashi. Akapiga magoti mbele ya mapipa ya shabu, akaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza: KOROGA. Akahamia kwenye mapipa ya klorini: USIKOROGE. Akasimama, akarudi nyuma hatua tatu kutazama.

"Nilikufundisha neno moja nikasahau la pili," akasema. "Nusu ya kosa ni yangu. Daftari ni lako, sikuandika. Ila nimepaka."

Nikamwambia K yake ya pili imepinda.

"Na saba yako bado ni moja," akasema.

Huyu mzee si mkavu. Nilikuwa namchota juu juu tu.

Jumamosi, 20 Aprili. Tope: 650.

Nyumba sita zote nimezipitia tena, mlango kwa mlango. Hakuna anayeumwa. Jirani wa tatu aliniuliza kama mama mkwe anaweza kumpigia sufuria mwanawe asubuhi aamke shule.

Nyumbani nilimwomba mama mkwe radhi kwa ile glasi.

"Glasi si kitu. Lakini ndiyo mara ya mwisho kukusifu. Unaona kilichotokea?"

Jumanne, 30 Aprili. Tope: 410.

Mto unashuka. Yamenuka kama kofia ya askari. Raha!

Jumatano, 15 Mei. Tope: 160.

Barua: mhandisi atafika tarehe 31, saa tatu asubuhi, na atakagua daftari la zamu la msimu mzima. La msimu mzima. Nimeisoma mara nne. Mama mkwe ameanza kukunja nguo zake kwenye sanduku, "kupunguza vumbi tu," anasema. Dirisha ameliacha wazi.

Ijumaa, 31 Mei. Tope: 30.

Mhandisi ni mama mmoja mfupi mwenye miwani kifuani na viatu vya mpira. Alinifanyisha jaribio la vikombe, akaniuliza hatua, akanipa maji machachu nikamtajia chokaa. Alikuwa anaitikia "ee, ee" tu. Halafu akavaa miwani, akafungua daftari. Kidole chake kikashuka kurasa kwa kurasa, kikasimama.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na ile rangi nyekundu kwenye mapipa?"

"Yangu," akasema Mzee Nukta.

"Kipimo cha saa nane kilikuwa sawa. Cha saa kumi hakikuwa kimefika. Ulijuaje katikati?"

"Mama mkwe wangu aliyasifu maji."

Akavua miwani. Ikabidi nimweleze yote, sakafu ya hospitali, bweni, kijiko cha chumvi. Nilidhani atanifukuza akidhani ni utani. Akasema, "Nipeleke kwake."

Mama mkwe alimpokea kama anayepokea ugeni wa harusi, kitambaa kipya mezani. Mhandisi aliomba glasi tano, akatugeuzia mgongo, akazijaza kutoka kwenye chupa alizotayarisha mtamboni, akaweka alama chini. "Mama, zipange. Kutoka isiyonuka hadi inayonuka sana."

Mama mkwe akafunga mtandio vizuri. Akaonja ya kwanza, akasukutua, akatema kwenye beseni. Ya pili. Mume wangu alikuwa dirishani na baiskeli ya mteja, amesahau kulifunga gurudumu. Mzee Nukta alikuwa amefumba jicho moja. Mama mkwe akazipanga nne. Ya tano akaishika muda mrefu, akairudia, akamtazama mhandisi kwa ukali.

"Mwanangu, hii na ile ni pacha. Umezitoa chupa moja. Unanijaribu mimi?"

Mhandisi akageuza glasi moja moja akasoma alama. Sifuri. Nukta mbili. Nukta tano, na nukta tano. Nukta nane. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa. "Kipimo changu cha ofisini kimenunuliwa kwa fedha za wafadhili," akasema, "na mwezi uliopita kilikosea."

"Hakijala chumvi," akasema mama mkwe.

Kabla ya kuondoka mhandisi alirudi mtamboni, akanakili yale maneno mawili ya mapipa kwenye kijitabu chake, ili yapakwe kwenye mitambo yote anayoisimamia. Ndipo akatoa bahasha kwenye mkoba. Barua ya ajira ilikuwa tayari imeandikwa. Ilikosa saini tu, akaisaini juu ya gunia la shabu.

Nilipofika nyumbani sanduku la mama mkwe lilikuwa tupu, chini ya kitanda. Nguo zote zimening'inia ukutani, kando ya dirisha.

Jumamosi, 1 Juni. Tope: 22.

Asubuhi nimemkuta Mzee Nukta na rula. Amechora safu mpya kwenye daftari la zamu, mwishoni, baada ya klorini, na juu yake ameandika: Ulimi. Nikamwambia si alisema humu hatusimulii hadithi?

"Neno moja kwa siku," akasema. "Lisizidi. Na ukiona sifa, zima pampu."

Saa nane nilikwenda nyumbani. Mama mkwe akafungua bomba, akaonja, akakunja uso wote mpaka macho yakapotea. Nikarudi mbio hadi mtamboni nikajaza mstari wa leo kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Klorini: nukta tano. Ulimi: Yananuka.